Jeneza la Twalha na Ndege ya Jeshi

Watu wa Mukendo wamezoea kila kitu. Ndege inapita juu ya mabati yao mpaka vikombe vinagongana kabatini, na ukimuuliza mtu ni ndege gani hiyo atakujibu, "Ndege tu." Ndege tu! Chuma kizito kama nyumba kinapita hewani, ndani yake watu wamekaa wanakunywa soda, na mtu mzima anasema ndege tu. Watu wa namna hiyo waacheni hivyo hivyo, hata malaika akishuka sokoni watamuuliza kama ana chenji.

Nassibu hakuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mlinzi wa geti la makaburi kwenye uwanja wa ndege wa Musoma, na kwa miaka yote aliyolinda pale hakuwahi kuiona ndege ikitua bila kusema "Subhanallah". Tena alisema kwa sauti, kofia mkononi, macho yamemtoka. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, wakambandika jina la Kepteni, ingawa hakuwa amekanyaga hata ngazi ya ndege. Akalikubali jina, akawa anaitika.

Geti lenyewe lina habari yake. Uwanja ule umekaa katikati ya mji kama mgeni aliyekuja zamani akanogewa. Upande huu ziko nyumba za Mukendo, na ng'ambo ya njia ya ndege, ukielekea ziwani, yako makaburi ya Waislamu. Makaburi yalikuwepo kabla ya uzio. Uzio ulipojengwa wazee waligoma, wakasema maiti wao hawazungushwi mji mzima kama mzigo wa dagaa. Basi wakakubaliana na wenye uwanja kwamba litatobolewa geti dogo, na jeneza litapita hapo kukata njia ya ndege, ilimradi pasiwe na ndege inayotua wala inayoruka. Mwenye ufunguo alikuwa Nassibu.

Na uwanja ulikuwa na wenyewe wawili. Siku nyingi ulikuwa wa raia: ndege ndogo za watalii wanaokwenda Serengeti, za abiria wa Mwanza, za wagonjwa. Siku nyingine ulikuwa wa jeshi, na siku hizo hata mbuzi walijua. Malori ya kijani yalijipanga, askari wakasimama kila baada ya hatua kadhaa, na mlinzi wa raia kama Nassibu akawa chini ya amri ya sajini. Ndege za jeshi ndizo zilizomtia Nassibu kiwewe kuliko zote. Hazikuwa na rangi za kupendeza wala madirisha mengi. Zilikuja kijivu, pana, nzito, zikitokea upande wa ziwa kwa mngurumo ambao mtu anausikia kifuani kabla ya masikioni. Kila mara Nassibu alifikiri hii leo haitaweza, hii itaanguka, na kila mara ilishuka taratibu mpaka magurudumu yakagusa lami. Hapo mwili wote ulimsisimka.

Alizaliwa hapo hapo Mukendo. Baba yake alikuwa seremala, mtu wa Ujiji aliyekuja Musoma kutengeneza milango akaona mke, na habari ya kurudi Ujiji ikaishia hapo. Mama yake alikuwa Mzanaki wa Butiama. Hakubahatika kuwa na kaka wala mdogo wa kiume, lakini alikuwa na Twalha.

Twalha alikuwa yatima wa nyumba ya pili, aliyelelewa na bibi yake muuza vitumbua. Walisoma chuo pamoja, wakachapwa kwa henzirani moja. Walipobalehe wakaenda Bunda pamoja kubeba marobota ya pamba kwenye kinu, wakarudi pamoja vifua vimejaa vumbi la nyuzi. Nassibu akaingia kwenye ulinzi, Twalha akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli pale kona. Walioa mwaka mmoja. Nassibu akamwoa Tausi, wakazaa watoto wa kike na wa kiume, wa kwanza Nuru. Twalha akajaliwa binti mmoja tu, Ikhlas, kisha mkewe akafariki naye hakuoa tena.

Twalha ndiye mtu pekee aliyediriki kuzidharau ndege mbele ya Nassibu. "Hicho kitu hakina hata kengele," alisema, mikono imejaa grisi. "Baiskeli ikiharibika, unashuka. Hiyo ikiharibika, unashukia wapi?" Nassibu alikasirika kwelikweli, akaapa hakanyagi tena kibandani pale. Jioni yake anaonekana hapo hapo, amekalia tairi bovu, anakunywa kahawa ya Twalha.

Sasa sikilizeni kilichowafunga wawili hawa. Baba yake Nassibu alipofariki mvua ilikuwa inanyesha, kaburi linabomoka pembeni, na wa kuingia ndani kumpokea maiti alikuwa Nassibu peke yake. Kwa ada, wanaoingia kaburini ni watu wa karibu wa marehemu. Watu walitazamana. Twalha hakumtazama mtu. Alivua viatu, akaruka ndani, akasimama kwenye matope karibu na mwenzake, wakampokea yule mzee kwa mikono minne, wakamlaza vizuri kwenye mwanandani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Walipomaliza, wakiwa bado humo chini, Twalha akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sina kaka, sina mtoto wa kiume. Siku yangu utaingia wewe kunipokea. Usiniachie watu wa kukisia."

"Inshallah," Nassibu akajibu.

"Sitaki inshallah ya fundi cherehani. Sema ndiyo."

"Ndiyo."

Ahadi ni deni, na deni la kaburini halina wa kulisamehe.

Twalha alianza kuumwa kifua wakati wa baridi. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Asubuhi moja Nassibu akiwa ameshaingia lindoni simu ikaita, ikawa ni Tausi. Hakusema salamu. Alisema, "Baba Nuru, Twalha ametutoka. Baada ya alfajiri." Nassibu akashika wavu wa uzio. Jana yake tu alikuwa amemlisha uji, naye Twalha akalalamika kwamba uji una sukari kidogo kama wa gerezani.

Na siku yenyewe, jamani, ilikuwa siku ya jeshi. Malori yalikuwa yameshajipanga. Mkubwa fulani wa jeshi alikuwa anakuja kwa ndege, bendi ilishaletwa, miamvuli ya kuwakinga wapokeaji na jua ilishafunguliwa. Nassibu akampigia msimamizi wake wa kazi kuomba ruhusa.

"Pole sana, mzee. Marehemu ni nani wako?"

"Rafiki yangu."

Akasikika msimamizi akifunua daftari. Hakuwa mtu mbaya. "Rafiki hayumo kwenye utaratibu, mzee wangu. Ingekuwa kaka, ningesema nenda. Na leo ndiyo leo, sina hata mtu wa kukupokea lindo."

Nassibu angeweza kusema ni kaka yake. Nani angebisha? Mukendo nzima ingeapa. Lakini alikuwa mmoja wa wale watu ambao uongo ukifika mdomoni unageuka kikohozi. Akaenda kwa sajini aliyeshika zamu, Masanja, mtu wa Bunda, mrefu, mwenye uso ambao haukuonekana kufunzwa kucheka.

"Ndege inatua saa nne," Sajini Masanja akamwambia. "Mgeni akishaondoka na msafara wake, mzee, uko huru. Kabla ya hapo lindo haliachwi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, afande."

Nassibu akapiga hesabu yake. Saa nne ndege itatua, saa tano msafara utaondoka. Twalha ataswaliwa baada ya adhuhuri. Nafasi ipo, tena ya kutosha! Akampigia Maalim Abdulsalam, imamu wa msikiti wa mtaani, akamwambia, "Mleteni baada ya swala kama kawaida. Ndege itakuwa imeshatua. Mimi mwenyewe nitafungua, tena nitaungana na nyie." Hapo ndipo alipokosea. Mtu aliyeishi na ndege umri ule alipaswa kujua kwamba saa ya ndege ya jeshi anaijua Mungu na jeshi lenyewe.

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Bendi ikachoka kusimama, ikaambiwa ikae, ikaambiwa isimame tena. Jua likawa kali. Nassibu akawa anatazama ziwani, hakuna kitu, ni mwewe tu wanazungukia dagaa walioanikwa. Akauliza kwenye redio ya mkononi. Aliyemjibu alikuwa Consolata, binti aliyekuwa chumba cha mawasiliano, yule anayeongea na marubani.

"Imechelewa kuondoka, mzee Nassibu. Lakini sasa iko njiani."

"Itafika muda gani, mwanangu?"

"Wao hawaniambiaga mpaka wakaribie."

Adhana ya adhuhuri ikaita. Nassibu akaswali pale pale kwenye kibanda chake, na anasema mwenyewe kwamba katika swala ile aliomba kitu kimoja tu, ndege iwahi. Alipotoa salamu akaisikia kwa mbali. Siyo ndege. Ilikuwa ile sauti ya wanaume wengi wakitembea haraka huku wakisema kwa pamoja, La ilaha illa Llah.

Waislamu wa Mukendo wana ada yao, wameikuta kwa wazee wao nao hawaibishii. Jeneza likishainuka mlangoni pa msikiti halisimami mpaka kaburini. Haliwekwi chini, halirudi nyuma, na wanaolibeba hawasimamishi miguu. Wanapokezana mabegani, mmoja anaingia, mwingine anatoka, na kila anayekutana nalo njiani lazima atie bega lake japo hatua chache. Anayepita pembeni bila kutia bega, huyo hata salamu yake sokoni inapokelewa kwa shingo upande.

Jeneza likatokea kwenye kona, limefunikwa shuka la kijani. Watu walikuwa wengi kuliko Nassibu alivyotegemea. Kumbe kila mwenye baiskeli mjini alikuwa mtu wa Twalha! Walikuwepo wauza maziwa, wauza mkaa, wavuvi Wakristo waliokuja moja kwa moja kutoka mwaloni inakotua mitumbwi, na magamba ya sato mikononi. Mbele alitangulia Maalim Abdulsalam, kilemba kichwani, jasho linamtiririka.

"Kepteni, fungua!" mtu akapaza sauti.

Nassibu alisimama na ufunguo mkononi. "Bado, jamani. Ndege haijatua."

"Iko wapi? Mbona anga jeupe?"

Ni kweli, anga lilikuwa jeupe. Nassibu akabonyeza redio. "Consolata, nina jeneza getini. Niwavushe?"

"Hapana, mzee! Hapana! Imeshaanza kushuka, dakika yoyote utaiona. Usifungue!"

Maalim alikuwa amesikia. Alikuwa ameshafika getini, na nyuma yake jeneza linakuja, miguu haipunguzi. Maalim akageuka, akanyoosha mkono. "Msisimame! Zungukeni! Zungukeni hapa hapa!"

Na wakazunguka. Mbele ya geti pana uwazi wa kuchezea watoto, na katika uwazi ule jeneza likaanza kwenda mduara, taratibu, mabega yakipokezana, kanzu zikipepea, vumbi linapanda. La ilaha illa Llah, la ilaha illa Llah. Twalha akapitishwa mbele ya Nassibu, akaenda, akazunguka, akapitishwa tena. Kila lilipopita watu walimtazama Nassibu. Wengine waliomba kwa macho. Wengine walisema wazi.

"Kepteni, ndiyo umemfungia rafiki yako mlango?"

"Fungua tukimbie, mara moja tu tumevuka!"

Nassibu hakufungua. Aliutia ufunguo mfukoni, maana aliijua ndege kuliko wao wote. Aliijua inavyotokea ghafla, na aliijua lami ile ilivyo pana kwa watu waliobeba jeneza. Na moyoni alikuwa anajua jingine linalouma zaidi. Hata ndege ikitua sasa hivi, yeye haendi popote. Kutakuwa na bendi, kutakuwa na kukagua askari, kutakuwa na msafara, na lindo haliachwi. Jeneza litavuka mbele ya macho yake, na kaburini wataingia watu wa kukisia. Nipe subira, ewe Mola, akasema, kwa sababu nikikosa subira sasa hivi nitawaua watu hawa wote.

Ndipo ikatokea.

Ilitokea juu ya ziwa, chini kabisa, pana, kijivu, injini zake nne zikivuma mpaka mabati ya Mukendo yakaanza kuimba. Kivuli chake kilitembea juu ya maji kabla yake. Hakuna aliyesema ndege tu. Jeneza liliendelea kuzunguka, lakini shingo zote zilikuwa zimepinda juu. Ikashuka, ikashuka, magurudumu yako nje, imeshafika kwenye ukingo wa lami. Halafu ikanguruma kwa hasira, ikainua pua, ikawapita juu ya vichwa vyao kwa upepo ulioondoka na kofia za watu, ikapanda tena angani.

"Subhanallah," Nassibu akasema, na safari hii umati wote ukasema naye.

Redio ikakwaruza. Alikuwa Consolata. "Mzee Nassibu, rubani ameona watu wengi wenye kanzu nyeupe wanazunguka karibu na njia, ameogopa kutua. Anauliza, hao watu wanafanya nini?"

Nassibu akalitazama jeneza. Angeanzia wapi? "Mwambie ni maziko. Makaburi yako ng'ambo, na jeneza kwetu huwa halisimami. Mwambie hawataingia njiani, geti nimelifunga mimi. Atue tu."

Nassibu akaiona ndege inapinda kushoto, mbali, bawa moja chini, inarudi kuzunguka kuelekea ziwani. Na hapo jambo likamwingia akilini, nywele zikamsimama. Ile kule juu haiwezi kusimama hewani, na hili hapa chini haliwezi kusimama njiani. Vyote viwili vinazunguka, kimoja kimebeba mkubwa wa jeshi, kingine kimebeba fundi baiskeli, na katikati yao yuko yeye na ufunguo.

Redio ikakwaruza tena. Consolata alikuwa anaongea polepole, kama mtu asiyeamini anachokisema. "Mzee, rubani anasema… anasema wavusheni. Yeye atabaki juu ya ziwa mpaka maiti avuke. Nimemuuliza mara mbili. Amesema marehemu atangulie."

Sajini Masanja alikuwa ameshafika, anakimbia na mabuti yake, redio yake ikisema maneno yale yale. "Nani ametoa amri hii?" akafoka. Akaisikiliza redio. Akalitazama jeneza, akaitazama ndege. Akavua miwani ya jua. "Fungua," akasema.

Nassibu akafungua geti. Jeneza likaingia kwa kasi kama maji yaliyozibuliwa, na lilipompita akatia bega. Kilikuwa chepesi kile kitu! Maradhi yalikuwa yamemla Twalha akabaki wa kubebwa na upepo. Nassibu akaenda naye hatua chache, kama ada inavyotaka, mpaka ulipoishia ukoka na kuanza lami. Hapo akampisha mtu mwingine. Akatoka. Akasimama peke yake, bega moja bado limeinama, jeneza linakwenda bila yeye.

Sajini Masanja akamsogelea.

"Huyo ndiye uliyeniombea ruhusa?"

"Ndiye, afande."

"Umebeba hatua hizo tu?"

"Nilimwahidi nitaingia naye kaburini. Hana ndugu mwingine wa kiume." Nassibu akajifuta uso kwa kofia. "Lakini lindo haliachwi, afande. Uliniambia."

Masanja akanyoosha mkono. "Lete ufunguo."

"Afande…"

"Nimesema lindo lisiachwe, mzee. Limeachwa? Mimi si nipo hapa?" Akauchukua ufunguo, akasimama getini, mgongo umenyooka, bunduki kifuani, sajini mzima wa jeshi analinda geti la makaburi. "Nenda. Kimbia, ndege inasubiri."

Nassibu akakimbia. Mzee wa watu, ndevu nyeupe, viatu vya kazi vinapiga lami, alikimbia mpaka akalifikia jeneza katikati ya njia ya ndege, akajipenyeza chini yake, na watu wakampisha mbele, upande wa kichwa.

Aliyekuwepo siku ile hatausahau uvukaji ule. Lami ilikuwa pana, nyeusi, inatoa mvuke, na juu yake umati mweupe unatembea. Huku wakubwa wa mji wamesimama chini ya miamvuli, hakuna aliyediriki kukaa. Huku bendi, matarumbeta yameshushwa. Askari walionyooshwa kwa ajili ya mgeni wao walibaki wamenyooka vile vile, na jeneza lilipopita mbele yao mmoja akapiga saluti, kisha wa pili, kisha mstari wote, bila amri ya mtu. Na mbali juu ya ziwa ndege ile kubwa ilikuwa inazunguka, inameta, inazunguka, na ndani yake mkubwa wa jeshi amefungwa mkanda anasubiri. Nassibu aliogopa. Siyo hofu ya kudhurika. Ilikuwa ile hofu inayomshika mtu akiwa mahali patakatifu, anajiona mdogo na bado anajiona ameitwa kwa jina.

Wakavuka. Makaburini Maalim Abdulsalam akauliza, "Nani wa marehemu?" Nassibu akavua viatu, akashuka. Mvuvi mmoja kijana akamsaidia kumpokea, lakini kichwa alikishika yeye. Akamlaza ubavu wa kulia, akamwelekeza kibla, akafungua mafundo ya sanda, akamwegemeza kwa udongo kisogoni ili asigeuke. Hakukisia kitu.

Alikuwa bado ameinama humo ndani ardhi ilipotetemeka. Ndege ilikuwa imetua. Aliisikia kwa nyayo zake, ikija kutoka mbali chini ya udongo, kuta za kaburi zikamwaga mchanga, naye akalala juu ya rafiki yake kumkinga mpaka ikapita.

Wakapanga mbao, wakafukia. Maalim akasoma dua. Watu walikuwa wameanza kutawanyika walipomwona mtu anakuja kutoka upande wa lami, anatembea peke yake kwenye majani, amevaa sare ya kirubani, kofia ameibana kwapani. Kifuani paliandikwa Masatu. Alipofika akawaamkia wazee wote, shikamoo kwa kila mmoja, kisha akauliza ni nani aliyekuwa getini. Wakamwonyesha Nassibu, udongo umemfika viwikoni.

"Poleni, mzee. Mimi kwetu ni Mugango," rubani akasema. "Kwetu mtumbwi uliobeba maiti haukatishwi njia. Wavuvi wanainuaga makasia mpaka upite. Nilipoambiwa ni jeneza, nikasema basi, na mimi nimeinua makasia."

Nassibu akaupokea mkono wake kwa mikono yake miwili yenye udongo. Aliyekuwa mbele yake ni rubani, rubani hasa, amemwambia shikamoo.

"Nina ombi moja, mzee. Mkubwa wangu aliniuliza kule juu, tunamsubiri nani? Nikamwambia sijui, nikitua nitakwenda kuuliza." Akainama kidogo. "Tulikuwa tunamsubiri nani?"

Nassibu akaligeukia kaburi. "Mwambie mlikuwa mnamsubiri Twalha. Fundi baiskeli wa Mukendo."

Rubani akachota udongo kwa mikono miwili, akautia juu ya kaburi. Akalirudia jina polepole asije akalisahau njiani, Twalha, fundi baiskeli wa Mukendo, akageuka kulipeleka kwa mkubwa wake. Nassibu akakaa chini kwenye udongo ule mbichi, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.